Jina la Kumi na Mbili

Dayton, Ohio
12 Januari 1958

Kwako Mjomba Estill,

Natumaini theluji haijakufungia ndani wewe na Mama Ocie, na kwamba goti lake limepoa. Sisi huku wazima, isipokuwa Mama. Miguu imemvimba tangu Krismasi, na daktari anasema moyo umechoka. Hakuniambia zaidi ya hapo na sikumwuliza, kwa sababu niliona alivyofunga mkoba wake haraka. Anakula mkate wa mahindi uliovurugwa kwenye maziwa, basi. Anakusalimu sana. Amesema nikwambie hivi, neno kwa neno: "Mwambie kaka yangu avae fulana ya sufu, yeye hujifanya kijana."

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Kanisa la Bearwallow linaweka jiwe kwa ajili ya watu waliokufa mgodini mwaka wa thelathini na moja. Litafunuliwa Siku ya Kupamba Makaburi, Jumapili ya mwisho ya Mei. Burl Combs ndiye mwenyekiti wa kamati. Nilimwandikia kuuliza kama jina la Baba watalichonga Corbett Napier tu, au waongeze na J katikati. Amenijibu kwamba kwa mchongaji yamekwenda majina kumi na moja. Kumi na moja, Mjomba, na waliokufa ni kumi na wawili. Anasema haifai jina la aliyewasha moto likae pamoja na ya walioungua, na kaka yake Burl alikuwa mmoja wao.

Nimeisikia hadithi ya kiberiti cha Baba tangu nina miaka sita. Shuleni waliniita Kiberiti mpaka nilipoolewa. Lakini sijawahi kuona palipoandikwa. Burl anasema hataki ugomvi: nimletee karatasi ya uchunguzi kutoka mahkama ya kaunti, na kama inasema vingine, jina litachongwa. Mchongaji anamaliza tarehe kumi Mei. Mama anataka kuliona jina hilo kabla hajaondoka, na wewe na mimi tunajua anazungumzia kuondoka kupi.

Wewe uko maili nne tu kutoka jumba la mahkama. Nakuomba uende ukaulizie.

Mpwa wako,
Verlie

*

Bearwallow, Kaunti ya Pruitt
9 Februari 1958

Mpwa wangu Verlie,

Barua yako imefika, na imenikuta nimevaa fulana mbili, mwambie dada yangu. Theluji ipo mpaka kwenye dirisha la banda. Goti la Ocie halijapoa, ila sasa analitumia kutabiri hali ya hewa na hakosei hata siku moja. Ng'ombe amezaa ndama dume, ana kichwa kikubwa kama cha mhubiri wetu. Usimsomee dada yangu Zella hilo kwa sauti, atacheka mpaka akohoe.

Umeandika "mahkama" mara mbili. Ni mahakama. Nilikufundisha kuandika mezani kwangu mwenyewe, usiniaibishe huko Ohio.

Nilikwenda kama ulivyoniomba. Niliingia kwa karani wa kaunti, nikavua kofia, nikauliza. Msichana wa pale akafungua vitabu vya vizazi, vya ndoa na vya mashamba. Alinionyesha hata cheti cha ndoa cha baba na mama yako. Uchunguzi wa Bearwallow haumo katika vitabu vyake. Nilishukuru nikatoka.

Verlie, mimi ni mzee wa miaka sitini na nne, na nimeona watu wengi wakichimba vitu vilivyokwisha kukaa. Corbett alikuwa mtu mzuri. Sisi tuliomjua tunajua. Kuna haja gani ya jiwe? Mama yako anahitaji chumba chenye joto na mtu wa kumsomea, ambavyo unampa.

Msalimie sana.
Mjomba wako, Estill Mullins

*

Dayton
20 Februari 1958

Mjomba Estill,

Mahakama. Nimeandika mara ishirini kwenye karatasi ya kufungia nyama, uridhike.

Mama alicheka kuhusu ndama, na kweli alikohoa. Sasa halali ila ameketi, amewekewa mito mitatu mgongoni. Anakusalimu. Anauliza kama ule mti wa tufaha nyuma ya nyumba mliyozaliwa bado umesimama, au umeukata kwa kuni.

Unauliza kuna haja gani ya jiwe. Nitakwambia. Mama aliishi kambini pale mgodini miaka kumi na moja baada ya Baba, akifua nguo za wanaume wasio na wake, na katika miaka hiyo Nola Fugate hakumwitikia salamu hata mara moja. Mume wa Nola alikufa siku ile. Mama hakumlaumu. Aliniambia, "Ningekuwa yeye nami ningenyamaza, kama ningeamini." Unasikia neno hilo? Kama ningeamini. Miaka ishirini na saba hajaamini, na hakuna aliyemuunga mkono.

Karatasi ipo mahali fulani. Watu kumi na wawili hawafi bila mchunguzi wa vifo wa kaunti kuandika. Ulimwuliza msichana kama kuna ofisi nyingine? Wewe ndiye uliyekuwa ukisoma gazeti kwa sauti pale barazani mwa duka la kampuni, kambi nzima imekaa kwenye ngazi inakusikiliza. Wewe uliwaandikia nusu ya watu barua zao. Kama wewe huwezi kupata karatasi katika jumba la mahakama, nani ataweza?

Rudi tena, tafadhali. Mei si mbali.

Verlie

*

Bearwallow
23 Machi 1958

Mpwa wangu,

Nisamehe kuchelewa. Kijito kilipanda kikala daraja, na mpeleka barua amepita juzi kwa mara ya kwanza. Tumechinja nguruwe wa mwisho. Majani ya vitunguu mwitu yameanza kuchomoza mlimani, na nyumba nzima inanuka kwa sababu Ocie anayakaanga na viazi kila siku. Mti wa tufaha umesimama. Mwambie Zella tawi lake, lile alilokuwa akikalia akikataa kukamua, bado lipo.

Kuhusu lile jambo. Mwaka wa thelathini na saba mto uliingia katika jumba la mahakama. Chumba cha chini kilijaa maji mpaka dari. Karatasi zilianikwa barazani wiki nzima kama nguo. Mimi sisemi ziliharibika zipi.

Sijapata nafasi ya kurudi kule. Barabara ni mbaya na macho yangu si yale ya zamani.

Mjomba wako, Estill Mullins

*

Dayton
14 Aprili 1958

Mjomba,

Sisi tupo. Mama bado anapumua. Sina habari nyingine za nyumbani.

Nimefika Pruitt. Nilipanda basi Jumatano ya wiki iliyopita, nikashuka mbele ya jumba la mahakama, na sikuja kwako. Utajua sababu ukiendelea kusoma.

Niliingia kwa karani wa kaunti. Yule msichana anaitwa Lottie Begley. Akaniuliza, "Unamtafuta nani, mama?" Nikasema baba yangu, alikufa Bearwallow. Akasema, "Aa, uchunguzi wa vifo hauko huku. Uko kwa karani wa mahakama. Vuka ukumbi, mlango ule wa kioo." Nikauliza kama maji ya thelathini na saba hayakuziharibu. Akacheka. "Zile ziko ghorofa ya juu tangu enzi za babu yangu." Halafu akasema, "Mbona alikuja mzee mmoja majira ya theluji akauliza hilohilo, nikamwelekeza vilevile. Akashukuru, akavaa kofia, akatoka nje."

Nimehesabu. Ni hatua kumi, Mjomba. Ulinena kweli tupu katika barua zako. Haumo katika vitabu vyake. Ulishukuru ukatoka. Sikujua kwamba mtu anaweza kudanganya kwa ukweli mtupu kiasi hicho.

Jalada lina kurasa kumi na tisa. Karani aliniwekea mezani, akaniletea na kikombe cha kahawa. Ukurasa wa saba, mlinzi wa feni ya hewa anasema feni ilikuwa imesimama tangu Jumamosi kwa amri ya msimamizi, na gesi ilikuwa imejaa. Ukurasa wa kumi na moja, daktari ameorodhesha vilivyokutwa katika nguo za kila maiti. Baba ana saa moja, kisu kimoja, na nusu pande la tumbaku ya kutafuna. Hakuna kiberiti. Hakuna kiko. Baba alikuwa akitafuna, Mjomba. Mtu anayetafuna tumbaku anataka kiberiti cha nini?

Kisha ukurasa wa mwisho. "Sisi watu sita wa kaunti hii tumeona kwamba mlipuko ulitokana na kiberiti alichobeba Corbett Napier kinyume cha kanuni." Chini yake, sahihi tano. Ya sita si sahihi. Ni msalaba, kama anavyoweka mtu asiyejua kusoma, na karani ameandika pembeni: Estil Mullins, alama yake. Wameandika Estil kwa L moja. Wewe unayenisahihisha mahkama, hukuwasahihisha.

Nilikaa pale mpaka kahawa ikapoa. Nilikuwa nikijaribu kumpata Estil Mullins mwingine, asiyejua kuandika. Niliwapitia watu wote wa kambi kichwani mwangu. Hayupo.

Nililipa nakala yenye muhuri, nikamsomea Mama. Alitaka yote, hata majina. Nilipofika jina la tano nikaacha.

"Walikuwa sita," akasema.

"Wa sita hakujua kuandika, Mama. Aliweka alama tu."

Akauliza, "Pale kambini nani hakujua kuandika?"

Nikasema, "Wengi."

"Wengi," akasema, akageukia ukutani.

Nilipomwambia nakuandikia wewe, sikupewa salamu za kuleta.

Verlie

*

Bearwallow
19 Aprili 1958

Verlie,

Sina salamu za kutuma maana sijui kama zinapokelewa.

Ni mimi. Msimamizi alituita sita katika ofisi ya duka. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa kabla hatujaketi. Vitu vya maiti vilikuwa mezani katika bahasha kumi na mbili, na ya Corbett ilikuwa wazi. Pande lile la tumbaku nililijua. Asubuhi ile mimi nilikuwa natoka zamu, yeye anaingia, nikalikata kwa kisu changu tukagawana. Nusu ya pili ilikuwa mfukoni mwangu wakati ule nimekaa pale mezani.

Zamu yangu ilipofika kutia sahihi nikasema sijui kuandika. Msimamizi alicheka, kwa sababu alikuwa akisimama mlangoni kunisikiliza nikisoma gazeti. Akasema, "Basi weka alama." Nilifikiri siku moja mtu akiuliza, nitasema niliwekewa karatasi nisiyojua ndani mna nini. Nilifikiri ule msalaba ni wa mtu mwingine.

Jumatatu yake nilipewa kazi ya chumba cha taa, kugawa taa za wachimbaji, juu ya ardhi. Sikushuka chini tena maisha yangu. Wanangu wanne wamekua wakiwa na baba, na wewe ulikua huna. Ndiyo sababu nilikufundisha kuandika. Nilidhani nalipa kitu.

Sitasimama mbele ya Burl Combs na Nola. Usinitake hilo. Niambie tu kama Zella anajua.

Estill

*

Dayton
29 Aprili 1958

Mjomba,

Mama alifariki Alhamisi tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi, ameketi, dirisha likiwa wazi.

Umeuliza kama alijua. Siku mbili kabla ya hapo aliamka akasema, "Corbett alipokuwa akifanya kazi Virginia, tukiwa wachumba, Estill ndiye aliyekuwa akinisomea barua zake. Alikuwa akisoma vizuri sana." Hakusema zaidi, wala mimi sikumwongezea. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Ninamleta Jumamosi. Atalala kando ya Baba, nje ya uzio pale walipomweka. Jenesa litabebwa na wanangu na vijana wa kanisa. Wewe usiliguse.

Burl nilimpelekea nakala. Amesoma yote, hata la tumbaku, na ameandika kwa adabu. Anasema hawezi yeye peke yake kutengua walichoapa watu sita, na ndugu za marehemu hawatakubali kwa ajili ya orodha ya daktari. Anasema ingekuwa mmoja wa wale sita amesimama mbele ya kamati akasema alichokiona, jina lingechongwa siku hiyohiyo. Nimepekua vitabu vya vifo kwa Lottie Begley nilipokuwa huko. Watano wamekufa. Umebaki wewe.

Tarehe kumi mchongaji anafunga kazi. Sikuombi, nakuarifu tu.

Verlie Napier

*

Bearwallow
15 Juni 1958

Verlie,

Nilikuja kaburini mlipokwisha kuondoka. Nilipeleka tawi la mtufaha, lile la Zella. Lilikuwa na maua bado. Sikuingia ndani ya kamba mliyoweka.

Tarehe kumi nilivaa koti, nikafika mpaka lango la kanisa, nikarudi. Nilirudi tena kesho yake, na keshokutwa. Nilisimama mbele ya kamati tarehe kumi na nane. Nilijua mchongaji amekwisha kumaliza. Sitakwambia kwamba sikujua. Nadhani ndilo nililokuwa nikingojea.

Niliwasomea. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili, feni, bahasha, tumbaku, na ile kazi ya chumba cha taa. Nola Fugate alikuwepo. Akaniuliza, "Kwa hiyo feni ilikuwa imesimama?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Ndiyo."

"Miaka ishirini na saba sijamwitikia Zella Napier salamu," akasema. Akachukua kikapu chake akatoka. Baadaye Ocie aliniambia amemwona amekaa kando ya kaburi la dada yangu, mikono mapajani, hafanyi kitu.

Burl hakupiga kelele. Alisema, "Ulitusomea gazeti, Estill. Tulikuwa tunakuamini wewe kuliko gazeti." Kisha akasema jiwe limejaa, majina kumi na moja yamefika mpaka chini, na kanisa halina fedha za kuagizia jingine. Akasema, "Ungekuja siku kumi kabla."

Nilikwenda pia kwa karani wa mahakama. Safari hii nilivuka ukumbi. Nikaomba nitie sahihi yangu mahali penye msalaba. Akasema kitabu kilichofungwa hakiandikwi tena, na akasema kwa upole, kama anamwambia mgonjwa. Akanipa karatasi ya kiapo. Niliandika yote, nikatia sahihi, akaikunja akaiweka ndani ya jalada, ukurasa wa kumi na tisa. Atakayelifungua ataikuta. Nilimwuliza wangapi hulifungua. Akasema wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza.

Siku ya Kupamba Makaburi watu walikuwa wengi, na chakula kingi juu ya meza ndefu, na hakuna aliyekaa karibu nami. Ni haki yao. Pazia lilipoondolewa nilihesabu majina, nikijua yatakuwa mangapi.

Bado ninayo chaki ya chumba cha taa, ile niliyokuwa nikiandikia namba za taa za watu walioshuka. Jiwe lina nafasi ndogo chini kabisa, juu ya nyasi, mchongaji aliiacha ili maji yasipande kwenye herufi. Mtu akipiga magoti anaifikia. Naandika pale CORBETT J. NAPIER kwa herufi kubwa. Mvua ikinyesha linafutika, na Juni hii mvua haitunyimi. Kesho yake nakwenda tena. Ocie anasema watu wananicheka, nami namwambia wacheke. Leo asubuhi nimeandika mara ya tisa. Burl alikuwa akifyeka majani pale. Alipofika kwenye jiwe aling'oa kwa mkono, polepole, ili panga lisiguse chaki.

Katika barua yako uliandika "jenesa". Ni jeneza. Nilitaka kukuachia, nikashindwa.

Estill Mullins, kwa mkono wangu